Uso Mpya wa Gari la Mkimbiaji

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nimeshona viti vya pikapu, vya trekta, vya mabasi ya shule, na mara moja vya gari la kubebea maiti. Nimeifanya kazi hii hapa Eldoret kwa muda mrefu kiasi kwamba nikiingia kwenye gari la mtu simtazami dereva kwanza, natazama nilichokalia.

Baba yangu alikuja mjini kutoka upande wa magharibi kufanya kibarua katika kiwanda cha nguo. Tuliishi chumba kimoja, na ukutani kulikuwa na kalenda aliyopewa na duka la vipuri. Kila mwezi ulikuwa na picha ya gari. Mwezi wa Agosti ulikuwa na gari dogo la mbio, la watu wenye nazo, lenye taa mbili za mviringo, mdomo mdogo, boneti iliyolala chini na mgongo unaoteremka taratibu mpaka kwenye bampa ya nyuma. Agosti ilipokwisha, Baba hakufungua ukurasa wa Septemba. Kwetu ilibaki Agosti mpaka Krismasi. Mama alilalamika kwamba hajui tarehe, na Baba akamwambia aulize kwa jirani.

Nadhani ndipo nilipoambukizwa. Wanawake wenzangu wa kanisani huona ajabu nikiwaambia kwamba Jumapili alasiri ninakwenda kukaa na wanaume kuzungumza habari za magari. Tunakutana kwenye uwanja wa kuoshea magari, kando ya barabara ya kwenda Kaptagat. Tuko kama kumi hivi, lakini wenye maneno mengi ni watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni karani wa mahakama, mtu wa kwetu magharibi, mwenye gari kuukuu ambalo asubuhi za baridi huwaka likisukumwa. Wa tatu ni Mzee, ambaye hana gari kabisa.

Mzee alikuwa fundi wa bodi. Alitoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akamfuata mjomba wake aliyekuwa na duka Ainabkoi. Mjomba alitaka auze sukari na mafuta ya taa, naye akakataa, akajifunza kunyoosha mabati katika gereji moja hapa mjini. Katika ujana wake, mkulima fulani alileta pale gari la aina ile ile ya kalenda yetu, likiwa limegonga mwimo wa lango. Vipuri havikuwepo nchini. Mzee alipewa bati tupu, nyundo ya mti na mfuko wa mchanga, akaligonga bati hilo majuma kadhaa mpaka likawa madigadi ya mbele. Mkulima alipokuja kulichukua gari alishindwa kutambua ni upande upi uliokuwa umevunjika.

"Hiyo gari naijua kama mgongo wa mtoto wangu," Mzee hutuambia. Hatukumchoka, ingawa alisema hivyo karibu kila Jumapili.

Basi mwaka juzi picha za gari jipya la aina hiyo hiyo zikatoka. Kampuni ilikuwa imelibadilisha sura. Mabadiliko madogo madogo tulikuwa tumeyazoea miaka yote, lakini safari hii walikuwa wamegusa uso. Karani alituonyesha kwenye simu yake, tukajazana kumzunguka.

"Hii ni nini sasa?" alisema. "Wamechukua mrembo wakamfunika mdomo na chujio ya chai."

Kweli, mdomo ulikuwa umepanuka na kujazwa wavu mweusi. Taa za mviringo zilikuwa zimeondolewa. Boneti, ambayo zamani ilikuwa imelala, sasa ilikuwa na kifua.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Akasema, "Nielezeeni. Mmoja mmoja."

Karani akamwambia taa ni nyembamba, kama mtu amekata kwa wembe. Mwingine akasema ni kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Mimi nikamwambia pua imevimba.

"Imevimba aje?"

"Kama imeumwa na nyuki, Mzee."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alitikisa kichwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi wameiua." Kwa miezi mingi baada ya hapo hayo ndiyo yakawa maoni yetu. Tulisoma ya watu wa nchi nyingine kwenye simu, tukaona hata wao wamegawanyika, wengine wakisema gari lazima liende na wakati, wengine wakiomboleza. Sisi tulikuwa waombolezaji. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote, labda kwa sababu ya ile Agosti. Nilisema aliyeichora pua hiyo anafaa arudishwe darasani ashike penseli upya.

Hakuna kati yetu aliyefikiri atakuja kuliona kwa macho.

Siku moja, mwanzoni mwa msimu wa mvua, nilipigiwa simu na sauti ya mwanamke, tulivu, yenye lafudhi ya Kikalenjin.

"Mama, nimepewa namba yako na mwenye lori ya maziwa. Kiti yangu imeraruka."

"Ni gari gani, dada?"

"Gari ndogo tu," akasema.

Nikamwambia alilete saa nne. Saa nne nilikuwa nimepiga magoti nikichana sponji, nikasikia mlio nje. Nilidhani gari la aina hiyo likija lingenguruma, mji mzima ujue. Halikunguruma. Lilikuja polepole kwenye ile njia yetu ya mashimo, likitoa sauti ya chini kama mtu anayeimba huku midomo imefungwa. Lilipofika kwenye tuta la mlangoni likasimama, na pua ikajiinua yenyewe, taratibu, kiasi cha upana wa kiganja. Likavuka tuta bila kugusa, kisha likajishusha tena.

Nilisimama na kisu mkononi. Maneno niliyokuwa nimeyatumia mwaka mzima hayakunijia hata moja. Rangi yake ilikuwa ya kijani kizito, kama msitu baada ya mvua, na ukiinama uliona jinsi inavyoingia ndani, tabaka chini ya tabaka. Uso ulikuwa ule ule wa kwenye simu, mpana na mgeni, wala sikuupenda. Lakini sikuweza kuangalia kitu kingine. Nililizunguka mara mbili kabla ya kukumbuka kumsalimu mwenyewe.

Nilimtambua. Ni mkimbiaji wa marathoni. Tumemwona kwenye televisheni akikata utepe katika miji ya ng'ambo. Hapa kwetu kumwona bingwa si ajabu. Utampata kwenye foleni ya benki, utampata sokoni akichagua kabichi. Wengi wao wakishinda hununua mashamba, au yale magari makubwa ya kupanda milima. Huyu alikuwa amevaa sweta na ndala, na funguo za gari lile alizishika kama mtu aliyeshika funguo za stoo.

Kosa lilikuwa dogo na la kuhuzunisha. Alikuwa ametupa viatu vyake vya misumari, vile vya mbio za nyika, kwenye kiti cha nyuma. Alipofunga breki mteremkoni, misumari ikakwaruza ngozi na kuchana mshono. Kule ng'ambo linakotengenezwa walimwambia wangemletea kiti kizima. Yeye akasema kwao nguo ikichanika hushonwa.

"Utaweza, Mama?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli. "Sijawahi kugusa ngozi ya hii gari. Nikiona siwezi, nitakwambia kabla sijaikata."

Akaniachia kwa siku mbili. Jioni ya kwanza nilifunga mlango wa karakana, nikakaa kwenye kigoda na kulitazama mpaka mwanga ukaisha. Mume wangu alinipigia simu kuuliza kama nimepata ajali.

Asubuhi nilianza kufumua. Nilitumia sindano ya kupinda ili nipitie kwenye matundu yale yale, nisitoboe mapya. Kila tundu lilikuwa mbali na jirani yake sawasawa, na mahali kiti kinapokata kona, pale ambapo mimi na wenzangu wote huvuta kidogo na kutumaini hakuna atakayeona, mshonaji alikuwa amepunguza hatua ya uzi ili kona izunguke bila kukunjamana. Huo ulikuwa mkono wa mtu. Nimeshona maisha yangu yote na naujua. Nilipoigeuza ngozi, upande wa ndani ambao mwenye gari hatauona mpaka gari life, nilikuta alama ya vema iliyochorwa kwa penseli. Mtu fulani alikuwa ameikagua kona hiyo, akaridhika, akaweka alama, akaifunika.

Nilikaa na ngozi ile mapajani kwa muda. Niliifanya kona ile mara tatu ndipo nikaridhika. Kabla ya kuirudisha, nilichukua penseli yangu ya kupimia nikaweka vema yangu kando ya yake.

Sikuweza kunyamaza. Nilimpigia mkimbiaji nikamwambia kiti kiko tayari, kisha nikamwomba jambo. Nilimwambia tuna kikundi chetu, watu wanaopenda magari, na wote wamelisema vibaya gari lake bila kuliona.

"Wanataka kuja kuiona?"

"Wanataka kubishana, dada."

Akacheka. "Waache wakuje. Na mimi nitakuja Jumapili saa nane, nikitoka kanisani."

Siku hiyo hatukwenda kwenye uwanja wa kuoshea magari. Watu walikuja kwenye karakana yangu na makoti ya kanisani. Karani alikuja na tai. Mzee aliletwa na binti yake, amevaa suti ya kijivu na kofia, na jambo la kwanza aliloomba ni maji ya moto na sabuni. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akavua saa yake na pete ya ndoa, akampa binti yake ashike.

"Nisiikwaruze," akasema.

Mkimbiaji alikuwa ameshafika. Alimsalimu Mzee kwa mikono miwili, akamwambia, "Shika tu, Mzee. Hakuna mahali hutakiwi kushika."

Mzee alianzia nyuma. Aliweka viganja vyote viwili kwenye bampa, akasimama hivyo kidogo, kisha akaanza kupanda polepole kwenye mteremko wa mgongo. Nilimwona akisogeza midomo.

"Huyu ni yeye," akasema alipofika kwenye kioo cha nyuma. "Hii laini haijabadilika." Akapita kwenye paa kwa ncha za vidole. "Wameishusha kidogo. Unene wa kucha, hivi. Hapa ni yeye bado." Akateremka kwenye mlango, akatafuta mkono wa kufungulia, akaukosa, wakati huo huo ukajichomoza chini ya vidole vyake. Aliurudisha mkono wake haraka, halafu akacheka kama mtoto. "Imenisalimia," akasema.

Kisha akafika mbele.

Hapo mwendo ulibadilika. Alipapasa taa zile nyembamba, akapima urefu wake kwa shubiri. Akapitisha vidole kwenye wavu. Akagonga bampa kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayepima tikiti sokoni.

"Hii si bati."

"Ni plastiki, Mzee," karani akasema.

"Najua ni plastiki. Lakini ndani kuna uwazi. Kuna kitu laini, halafu uwazi." Akaweka kiganja juu ya boneti, akakisukuma, akakisogeza, akakisukuma tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Na hii wameinua. Hapa ilikuwa imelala. Injini iko nyuma, chini ya hii boneti hakuna kitu cha kufunika. Kwa nini wameinua? Fundi hainui kitu bure."

"Wachoraji wa siku hizi hawaoni, Mzee," karani akasema, na papo hapo akajua alichosema. Akaangalia viatu vyake.

"Hata mimi sioni," Mzee akajibu kwa upole. "Ndiyo maana nauliza."

Hapo ndipo mkimbiaji, aliyekuwa ameegemea ukuta, alipozungumza.

"Imeinuliwa kwa sababu ya kichwa."

"Kichwa ya nani?" Mzee aliuliza.

"Ya mtu. Yule mwenye amegongwa."

Akatusimulia. Alisema baada ya mbio moja ng'ambo, wenyeji wake walimuuliza kuna kitu gani angependa kuona, naye akaomba kuona magari haya yanavyotengenezwa, kwa sababu alikuwa na nia ya kununua moja, lile la zamani, lile zuri. Walimtembeza kiwanda kizima. Mwisho wakampitisha kwenye chumba ambacho pua ya gari jipya ilikuwa imefungwa sakafuni peke yake, bila mwili. Mbele yake kulikuwa na mtambo, na mtambo huo ulikuwa umebeba mguu.

"Mguu gani?" nilimuuliza.

"Mguu ya kutengenezwa. Iko na paja, iko na goti, iko na huu mfupa wa chini. Wanairusha kwa hiyo pua, halafu wanaenda kuangalia goti imeumia aje. Wakiona imeumia sana, wanarudi kubadilisha pua. Wananiambia wamerusha hiyo mguu mpaka hawawezi kukumbuka ni mara ngapi. Na hiyo boneti, mtu akigongwa inaruka juu kidogo yenyewe, ili kichwa isifike kwa chuma."

Akaendelea bila kubadilisha sauti. "Nikawauliza kama naweza kushika. Wakanipatia. Ilikuwa na uzito kama mguu ya mtu. Wale watu wakaniona nimeshika hiyo mguu nalia, wakaogopa, wakafikiria wamenikosea."

Alituambia sababu. Alikuwa na mwenzake wa mazoezi. Walianza pamoja kambini Kaptagat wakiwa wasichana, walilala chumba kimoja, na mwenzake ndiye aliyekuwa na kasi zaidi. Asubuhi moja ya ukungu walikuwa wakikimbia kando ya lami, mmoja mbele ya mwingine, na pikapu ikatoka nyuma. Haikuwa na mwendo mkubwa. Dereva alisimama, akawabeba, akawapeleka hospitali, na alilia njia nzima. Lakini mbele ya pikapu hiyo kulikuwa na bampa ya chuma, zile ngao za mabomba ambazo watu huongeza juu ya ile ya kiwandani. Bomba lilimpata mwenzake kwenye goti. Goti lilisagika. Yuko hai, ana duka na watoto, anatembea. Hajakimbia tena.

"Nilikuwa nimeenda kununua ile ya zamani," alisema. "Nikanunua hii."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye mabati. Mzee hakuwa ameondoa mkono wake juu ya boneti. Aliposema, alizungumza kama mtu anayezungumza na gari.

"Mimi nimetengeneza hizo bampa za chuma miaka mingi. Kazi ya bodi ilipopungua, hiyo ndiyo ilisomesha watoto. Mtu alikuja akasema, Fundi, nataka ya nguvu. Nikampa ya nguvu. Sikuuliza ni nguvu ya kugonga nini."

Binti yake akamshika kiwiko. Mkimbiaji akasogea karibu. "Mzee, hukujua," akamwambia.

"Sikujua," Mzee akakubali. "Lakini hawa walijua. Walikuwa na kitu kizuri hivyo, kitu dunia yote inapenda, na wakakubali kuiharibu uso." Akapitisha kiganja tena kwenye ule mwinuko niliouita uvimbe wa nyuki, safari hii polepole sana. "Kumbe ni kwa sababu ya mtu hata hayuko ndani ya gari."

Niliona haya, lakini zaidi ya haya niliona kitu kingine ambacho bado sijui kukitaja vizuri. Nilikuwa nimefikiri uso ule ni majivuno ya kijana fulani mwenye kompyuta. Sasa niliwaona watu wa chumba kile wakirusha mguu, wakienda kuangalia goti, wakirudi mezani kuinua boneti kidogo, huku wakijua kabisa kwamba watu kama mimi, pembe zote za dunia, watawacheka.

Karani akakohoa. "Bingwa," akasema, "pole kwa mwenzako. Pole kabisa. Lakini nitakudanganya nikisema ni nzuri. Bado ni mbaya."

Mkimbiaji ndiye aliyecheka kwanza. "Hata bwana yangu husema hivyo," akasema, na sisi wote tukacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe, kama watu wanaotua mzigo.

Mvua ilipopita, alimwuliza Mzee kama angependa kuendeshwa kidogo. Mzee akakaa mbele na mimi nikajikunja nyuma, juu ya mshono wangu mwenyewe, magoti yakinigusa kidevu. Tulishika barabara ya Nakuru, tukapita njia panda ya Ainabkoi, tukaendelea kupanda kuelekea Timboroa. Hakuendesha kwa fujo. Barabara iliponyooka na kuwa tupu alikanyaga kidogo, mara moja, nami nikasukumwa kwenye kiti na pumzi ikabaki nyuma. Injini ilikuwa mgongoni mwangu na niliisikia ndani ya mbavu. Ilikuwa kama kusimama karibu na kwaya kubwa inapoingia ubeti wa mwisho. Kisha akarudi kwenye mwendo wa kawaida, na pikapu ya viazi ikatupita.

Kule juu hewa ilikuwa baridi na ukungu ulikuwa umelala kati ya misonobari. Alisimamisha gari kando, tukashuka. Mzee alivua kofia akasimama akiuelekezea uso wake upande wa msitu, ambao hakuuona. Aliniuliza tuko juu kiasi gani. Nikamwambia juu sana, Mzee, mawingu yako chini yetu upande ule. Akasema alishawahi kuota anaendeshwa ndani ya gari hilo, na ndotoni alikuwa kijana, na hakukuwa na baridi.

Miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, la pili likafuata. Mkimbiaji alipita kwake na gari siku aliyofunguliwa bendeji. Binti yake aliniambia kwamba Mzee alisimama getini akalitazama, akaenda upande wa kulia, akaenda wa kushoto, akarudi katikati.

"Karani hakukosea," akasema. "Ni mbaya kweli." Kisha akaomba kitambaa, akafuta vumbi kwenye ile boneti mwenyewe, asikubali mtu amsaidie.

Siku hizi hushinda katika gereji ya mwanafunzi wake wa zamani, amekaa kwenye kiti cha plastiki penye jua. Mteja akija kuagiza bampa ya chuma, Mzee humwuliza, "Ya kugonga nini?" Wengine hukasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Wengine husema ni ya ng'ombe, na Mzee huwauliza ni mara ngapi wamegonga ng'ombe. Wachache hukaa wakamsikiliza. Mwanafunzi wake alinilalamikia kwamba anapoteza kazi. Nilimshauri azungumze na Mzee mwenyewe, naye akasema alishajaribu, akaishia kuikata bampa ya chuma ya pikapu yake mwenyewe.

Jumapili bado tunakutana. Hatujakubaliana kuhusu uso wa gari lile na sidhani tutakubaliana. Karani ameapa kwamba akipata utajiri atanunua la zamani, la Agosti, na hakuna anayemlaumu. Mimi nikiulizwa husema silipendi, lakini ningeweza kulitazama siku nzima, na mtu asiyelielewa jibu hilo simfafanulii.

Mwezi uliopita nilikuwa napeleka viti vya basi la shule Kaptagat. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye lami, nami niliwasha taa nikaenda polepole. Mbele yangu niliona lori la magogo likitambaa, na mbele ya lori taa mbili nyekundu zikiwaka na kuzima. Tulipofika kwenye kona nikaweza kuona. Ni gari lile la kijani. Lilikuwa likienda kwa mwendo wa mtu, upande wa kushoto wa barabara, na mbele yake wasichana kama kumi na wawili walikuwa wakikimbia kwa mstari, mvuke ukitoka midomoni. Gari lenye uwezo wa kuufikia mji mwingine kabla chai haijapoa lilikuwa likiwafuata wale watoto hatua kwa hatua, limewakinga na sisi sote tuliokuwa nyuma. Dereva wa lori hakupiga honi. Na mimi pia sikupiga. Tulikwenda hivyo mpaka wasichana walipokata kona kuingia msituni.